Gari Kwenye Uwanja wa Kahawa

Jumapili, 4 Mei

Nesi Mackrine wa zahanati amenipa kazi. Kila moyo unaponienda mbio niandike siku, na niandike nilikuwa nafanya nini. "Usije ukaniambia umechoka tu, Mama Bena. Kila mtu amechoka. Andika." Anasema presha yangu ni ya mtu anayefukuzwa. Nikamwambia hakuna anayenifukuza isipokuwa jogoo wa mama mkwe. Hakucheka.

Basi naandika. Leo nilipotoka kanisani nilichukua kikapu nikaingia kibanjani, shamba letu la migomba na kahawa, kuangalia kahawa zilizoanza kuiva. Nikakuta watu nisiowajua wamezunguka mibuni yetu, turubai limetandikwa chini, wanachuma. Nilipiga yowe la mwizi. Mwanamke mmoja akaacha tawi, akapiga goti, akanisalimia kwa adabu zote, "Shikamoo mama." Nikamwuliza ametumwa na nani.

"Na mwenye kahawa."

"Mwenye kahawa ni nani?"

"Mzee Alistides wa Rubwera. Alinunua ua."

Butura. Kwetu neno hilo husemwa kwa sauti ya chini kama jina la ugonjwa. Mtu amebanwa na shida, mibuni imechanua, anamwita mwenye fedha, wanasimama pale wanaonyeshana maua meupe, anapewa kidogo kwa kahawa ambayo bado haijawa hata punje. Karatasi hawaandikiani. Serikali inakataza kila mwaka, na kila mwaka maua yanauzwa. Ila sikujua kwamba na yetu yaliuzwa. Nimeilimia hiyo mibuni kuanzia Oktoba, nimeiwekea matandazo na samadi, kumbe nilikuwa kibarua wa Alistides bila mshahara.

Moyo: mbio sana. Nilikuwa nimesimama tu.

Jumatatu, 5 Mei

Mume wangu Mutalemwa hajarudi tangu Ijumaa. Simu inaita, haipokelewi.

Alhamisi, 8 Mei

Amerudi, na jibu la kahawa limerudi pamoja naye juu ya lori. Ni gari la njano. Corolla kuukuu iliyong'olewa viti vyote isipokuwa cha dereva, ndani imefungwa mabomba ya chuma kama kizimba cha kuku, taa hazina vioo. Mlangoni wameandika KAMULI SPIDI.

Wameishusha kwenye uwanja wangu wa kuanikia kahawa, kwa sababu ndipo palipo tambarare, na kwa sababu mwaka huu, mume wangu alisema bila haya, "pale hatuna cha kuanika."

Nikamwuliza hilo gari ni la nini. Akanieleza kwa macho yanayong'aa, macho ambayo sikuyaona hata siku ya harusi. Kuna ligi ya mbio. Magari ya kawaida ya barabarani yanavuliwa viti, yanafungwa chuma, yanazunguka uwanja wa vumbi mbele ya watu waliolipa kiingilio. Raundi tatu msimu huu. Mwenye timu anapata zawadi, na makampuni yanamlipa yabandike majina yao kwenye gari. Kuna bwana mmoja wa Bukoba, Mugisha, ana magari matatu ya mbio, na malori, na ghorofa. "Unadhani alianzia wapi?" aliniuliza. "Kwenye timu, Mama Bena. Timu inalipa."

"Nani ataliendesha?"

Hapo ndipo aliposita. "Ainebyona."

Ainebyona ni mdogo wangu, tumbo moja, fundi wa gereji pale Rubwera. Mama alipokufa alikuwa bado ananyonya, nikambeba mimi. Sasa atafungwa mkanda ndani ya kile kizimba.

Ningesema mengi, lakini kahawa ni ya mwanamume. Migomba ni mikono yangu, maharage ni yangu; kahawa ninavuna, ninaanika, ninapeta, kuuza ni yeye. Ndivyo tulivyokuta. Nilikwenda kwenye kaburi la Bena kung'oa majani, maana ndiko ninakokwenda ninapokosa pa kwenda. Mwanangu wa kwanza amelala chini ya migomba, upande wa kulia wa babu yake. Wadogo zake wawili wako bweni. Kibanja hiki ni hao waliolala na hao watakaorudi likizo. Kuhusu kahawa nimeshindwa. Naogopa alichobakiza kuuza.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua. Gari limefunikwa turubai langu.

Jumamosi, 24 Mei

Raundi ya kwanza, nje ya Kayanga. Sikutaka kwenda, nikaenda. Nilidhani nikiwapo kitu kibaya kitaona aibu.

Sijui watu wanapenda nini pale. Vumbi, kelele, magari yanabanana ubavu kwa ubavu kama ng'ombe mlangoni mwa zizi. Kila lilipopita lile la njano nilifumba macho, nikawa nalisikiliza tu hadi lizunguke tena. Mutalemwa alikuwa amevaa miwani ya jua na fulana yenye jina la timu. Watu walimwita bosi, naye aliitika.

Wa tatu. Tumepewa godoro na bahasha. Njiani Ainebyona, masikini, mkweli kama alivyo, alisema bahasha haitoshi matairi mawili kati ya manne yaliyokwisha. Mume wangu akasema biashara yoyote mwaka wa kwanza ni hasara. Nikauliza godoro tulifunge kwenye gurudumu gani.

Moyo: mbio tangu asubuhi mpaka sasa.

Alhamisi, 12 Juni

Watu wa Alistides wamerudi. Safari hii wanakwanyua hata mbichi, tawi zima, majani chini. Niliwaambia mtauvunja mgongo wa mti, mwakani hautazaa. Wakasema, mama, mwakani si yetu.

Mama mkwe wangu Anatolia, anayekaa nyumba ya chini, alitoka na fimbo yake akawafokea. Miaka yote huyu bibi na mimi tumekuwa tukiishi kama kucha na kidonda. Leo alikuja akaketi jikoni kwangu, akanywa uji. "Huyu mtoto atauza na mifupa ya baba yake," alisema. Sikuwahi kufikiri kwamba tunaweza kuogopa kitu kimoja.

Jumapili, 29 Juni

Jana sikuweza kuandika.

Raundi ya pili. Gari la njano lilikuwa la pili, watu wamesimama wote, Mutalemwa amepanda juu ya kreti la soda anapunga kofia. Kwenye kona ya mwisho lile la nyuma likaligusa kidogo tu, kama mtu anavyokugusa bega sokoni akitaka kupita. Likapanda ukingo. Nililiona tumbo lake. Nililiona likiwa hewani, magurudumu juu, nikaona na anga chini yake, kisha likaanguka kwa mgongo na kugeuka tena, na tena, na vumbi likafunika kila kitu.

Nilikimbia. Sijui nilivukaje kamba wala viatu niliviacha wapi. Nilikuwa naita jina la Bena. Jina la aliyekwisha kufa, ndilo lililokuja mdomoni. Walipomtoa Ainebyona alikuwa amelegea, damu sikioni, na mimi nilikwishaanza kilio chenyewe, kile cha msiba, wakati alipofumbua macho akaniambia, "Dada, unanitia aibu."

Mkono umevunjika, mbavu zimechubuka. Hospitali wamesema atapona. Mume wangu alikaa naye hadi jioni, akamlisha uji kwa kijiko, akalia machozi ya kweli. Nikafikiri, sasa ameona, imekwisha. Alipotoka nje ya wodi nikamsikia akimwuliza fundi kwenye simu, "Chasisi imepinda au inanyooka?"

Nimemwogopa. Nimelala naye miaka kumi na minane, sijawahi kumwogopa kabla ya jana.

Jumatatu, 30 Juni

Bwana Mugisha wa Bukoba ametubebea gari kwa lori lake bila kutoza kitu. Ni mtu mnene, mpole, anaondoa kofia anapoongea na mwanamke. Niliwapikia ndizi na maharage. Mutalemwa alipotoka kuwaelekeza vijana pa kulishusha, yaani pale pale uwanjani kwangu, nilimwuliza uso kwa uso.

"Mzee, samahani. Hii kazi ya magari ya mbio, inalipa?"

Alitafuna kwanza. "Mama, nikudanganye au nikwambie?"

"Niambie."

"Mimi nina malori. Nabeba saruji, nabeba mahindi. Magari ya mbio ni bango langu. Mtu akiliona jina langu linakimbia pale, kesho ananipa mzigo. Fedha za lori ndizo zinazolisha magari, magari hayajawahi kulisha lori. Zawadi ya mshindi wa msimu mzima hainunui injini moja." Akanawa mikono. "Asiye na kitu cha kutangaza anatangaza nini? Usione vyaelea, mama. Vimeundwa."

Nilimweleza mume wangu, neno kwa neno. Alinisikiliza akitabasamu kama mtu anayesikiliza mtoto. "Ulitaka aseme nini? Aseme njoo, Mutalemwa, tugawane? Ameona nimeshika nafasi ya pili, ameingia hofu."

Basi yule ana malori, akanunua magari ya mbio. Huyu wangu ameona magari ya mbio, anadhani ndiyo yaliyozaa malori. Na hakuna wa kumtoa hapo.

Ijumaa, 11 Julai

Jua kali. Majirani wote wameanika kahawa, harufu imejaa njia nzima. Kwetu kuna gari lililopondeka.

Jumanne, 22 Julai

Limesemwa. Nililijua, nikawa nalizunguka kama nyoka aliyelala njiani, lakini limesemwa.

Injini mpya, matairi, chuma. Kampuni ya mikopo itatoa, ikipewa hati ya kimila ya kibanja. "Si kuuza," Mutalemwa alisema. "Kuweka tu." Niliuliza tukishindwa kulipa je. Akasema, "Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge." Nikamwambia nguo alizovua ni zangu na za watoto.

Alinyanyuka. Nilidhani atanipiga, hajawahi kunipiga, lakini nilidhani. Alipita tu akatoka nje, akaketi ndani ya lile gari bila taa, ameshika usukani. Alikaa humo hadi giza. Nilimwangalia kupitia dirisha.

Jumatano, 23 Julai

Nimekwenda nyumba ya chini. Anatolia amenisikiliza, amegonga fimbo chini. "Kibanja chenye makaburi hakitoki bila ukoo kukaa. Na ukoo hautakaa bila mimi." Ameagiza watu. Kikao kitakuwa Jumapili ya tarehe 17 Agosti, baba wadogo na mashemeji waje kumkanya. Nilimbusu mikono kwa machozi. Akaniambia niache kumlowesha.

Nimelala usingizi, mara ya kwanza tangu Mei.

Jumapili, 3 Agosti

Ainebyona amefunguliwa plasta. Gari nalo limenyooshwa, kwa madeni ya gereji. Raundi ya mwisho ni Jumamosi ya tarehe 16, siku moja kabla ya kikao.

Nilimfuata mdogo wangu Rubwera, nikamkuta chini ya gari la mtu. Nilichuchumaa nikaongea na miguu yake. "Mdogo wangu, sijawahi kukuomba kitu. Nenda ukawe wa mwisho. Zima hata njiani, sema injini imekufa. Akishindwa Jumamosi, Jumapili wazee watamshika wangali wana nguvu."

Alitoka chini, uso mweusi kwa oili. "Dada, unataka niharibu kwa makusudi?"

"Nataka urudi mzima, na nikute kwangu pakiwa kwangu."

Alijifuta oili usoni kwa mkono wa shati. "Sawa. Naahidi."

Alhamisi, 14 Agosti

Nimesali ili mume wangu ashindwe. Sijui Mungu huziweka wapi sala za namna hii.

Jumamosi, 16 Agosti

Tumeshinda.

Mungu wangu, tumeshinda.

Jumapili, 17 Agosti

Naandika nikiwa jikoni, na huko nje wanaimba.

Jana magari mawili ya mbele yaliteleza kwenye kona ile ile iliyotaka kumwua Ainebyona, yakakwama ubavu kwa ubavu, na la njano likapita katikati kama kuku anayekatiza kati ya miguu ya wageni. Mutalemwa alipiga magoti kwenye vumbi. Watu walimbeba juu. Mimi nilibaki nimekaa, na mwanamke nisiyemjua alinikumbatia akasema, "Furahi mama, mbona umekauka?"

Nilimkuta Ainebyona amechuchumaa nyuma ya gari. "Uliniahidi." Hakuweza kunitazama. "Nilitaka, dada. Kweli nilitaka. Nilipoiona njia iko wazi, mguu ulikataa kuinuka."

Leo wazee wa ukoo wamekuja kumkanya Mutalemwa. Wamekuta kombe juu ya meza, mbuzi amechinjwa, pombe ya ndizi, rubisi, imejaa mitungi. Shemeji aliyekuja na hotuba ya kumfokea aliomba kupigwa picha na gari. Wakati wa kikao yakasemwa yote ya kuvutia: jina la ukoo, kijana wetu, wilaya nzima ya Kyerwa inatuongelea. Hakuna aliyeuliza kombe linanunua nini. Wamekubali hati itolewe, wameweka na dole gumba.

Nilimtazama Anatolia. Alikuwa amekaa kwenye kiti kilichopambwa kwa kitambaa, mama wa bingwa, na alikuwa akipiga makofi. Nilimtazama mpaka akaona, na akaendelea kupiga makofi, akiangalia pembeni.

Simlaumu. Ni mwanawe. Ila sasa nimebaki mimi.

Maana kimebaki kitu kimoja. Watu wa mkopo wanataka na mke akubali, mbele ya mtendaji wa kijiji. Mutalemwa amekwisha kuniwekea kitenge kipya kitandani cha kuvaa siku hiyo.

Jumatano, 20 Agosti

Presha: Mackrine alipima mara ya pili akidhani mashine imeharibika.

Ijumaa, 29 Agosti

Walikuja saa nne. Kijana wa mkopo mwenye shati jeupe, mtendaji, wazee wawili, Anatolia, Ainebyona mlangoni. Nilivaa kitenge kile. Nilipika chai, nikagawa, nikaketi mkekani. Mikono niliificha chini ya mapaja ili wasiione.

Mtendaji alisoma. Kisha akaniuliza, kwa heshima, "Mama Bena, umesikia? Unakubali?"

Kila mtu alinitazama. Mutalemwa alinitazama kwa upendo, hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, alitabasamu kama mtu anayemsubiri mkewe ampokee mzigo. Niliwaza, nikisema hapana nitarudishwa kwetu, na kwetu hakuna mtu. Niliwaza majirani watasema aliua bahati ya mumewe. Nilisikia sauti ndogo ikitoka, kama ya mtoto aliyeamshwa.

"Sikubali."

"Sema tena," alisema mume wangu, taratibu.

"Sikubali, Baba Bena. Mtoto wangu yuko humo."

Kijana wa mkopo alifunga begi lake. Alikuwa wa kwanza kuondoka, na nadhani alifurahi. Wazee walikunywa chai ikaisha. Anatolia alinyanyuka bila kuniaga. Mutalemwa hakupiga kelele, hakugusa hata kikombe. Alichukua kombe lake mezani akalifuta vumbi kwa mkono wa shati, akatoka nalo.

Nilijikojolea kidogo. Naandika kwa sababu Mackrine alisema niandike kila kitu.

Jumamosi, 30 Agosti

Hajaniambia neno. Anakula, anatoka.

Asubuhi nilikuta majani yote yameng'olewa juu ya kaburi la Bena, udongo umefagiliwa, na alama za fimbo ziko pale pembeni. Nimempelekea bibi yule uji.

Jumapili, 7 Septemba

Mume wangu ameniambia, "Chumvi iko wapi?" Nimefurahi kama nimeposwa.

Jumatatu, 15 Septemba

Mvua ya kwanza usiku. Watoto wameandika wanaomba sabuni. Mutalemwa leo amenisaidia kufunika nyumba ya kuku, akasema labda gari tuliuze vipandevipande. Alisema labda. Moyo: kawaida. Nimeandika ili nesi naye apate siku moja ya kupumzika.

Jumatano, 24 Septemba

Nimeamka, na harufu imeingia hata chumbani. Mibuni imechanua yote kwa pamoja, hata ile iliyovunjwa matawi. Kibanja kizima cheupe, nyuki wanavuma. Nilisimama mlangoni nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikafikiri, mwakani nitaanika.

Nilipokuwa nikishuka na ndoo ndipo nilipowaona. Mutalemwa alikuwa amesimama kati ya mibuni na mzee wa kofia ya pama. Mzee alivuta tawi hadi puani, akalinusa, akaliachia. Mume wangu akamwonyesha tawi jingine, kisha jingine, kisha mkono wake ukafanya mviringo mkubwa uliozunguka kibanja chote, kutoka barabarani hadi makaburini.

Hapakuwa na mtendaji, wala karatasi, wala wa kuniuliza kama nakubali. Ua haliombi saini ya mke.

Nilitaka kupita kimya. Mzee Alistides akaniona, akavua kofia. "Hongera kwa ushindi, mama. Tunasikia msimu ujao mna magari mawili."

Mume wangu alinigeukia, macho yanang'aa yale yale. "Mama Bena," akasema kwa upole, "tutengenezee chai. Tuna mgeni."

Nimerudi jikoni. Nimebandika maji. Yamechemka, mfuniko unagonga sufuria, na huko nje nawasikia wanacheka.